Maji Yatoke Kwangu

Dirishani jikoni kwetu zilikaa chupa tatu kwa muda wa wiki tatu, hadi mke wangu akaniuliza kwa ule upole unaotangulia ugomvi: "Baba watoto, hizi chupa zako za mtaro zinaondoka lini?"

Zilikuwa chupa za kawaida za maji ya kunywa, za lita moja na nusu. Mvua ya kwanza ya masika ya mwaka jana iliponyesha, Jumapili mchana, nilitoka na mwavuli hadi getini, pale mtaro wa barabara unapopita mbele ya nyumba yetu hapa Tabata. Chupa ya kwanza niliijaza kabla mvua haijamaliza dakika kumi. Ya pili baada ya nusu saa. Ya tatu baada ya saa moja na nusu, mvua ikiwa imepungua makali lakini haijakatika. Watoto walikuwa barazani wakinitazama kama wanavyomtazama mlevi.

Ya kwanza ilikuwa nyeusi. Sisemi ya udongo, nasema nyeusi, kama kahawa ya kwenye birika la muuza kashata, na juu yake utando wa mafuta uliokuwa ukigeuka zambarau na kijani kila nikiizungusha. Ilinuka gereji na choo kwa wakati mmoja. Ya pili ilikuwa kama chai ya maziwa. Ya tatu ungemwekea mgeni kwenye glasi bila kumwambia, angedhani ni ya kisima. Baada ya siku mbili ile ya kwanza ikajipanga yenyewe: chini tope jeusi la unene wa vidole viwili, katikati maji ya rangi ya mkojo, juu utando uleule na kipande cha mfuko wa barafu kikielea.

Mvua ni moja na mtaro ni mmoja. Tofauti ni saa tu.

Nimezaliwa Dar es Salaam na nimekuwa nikisikia tangu utotoni kwamba Mto Msimbazi ni mchafu. Tukiulizwa nani kauchafua, vidole vinaelekea viwandani, machinjioni, kwenye mabwawa ya maji taka, na kwa wale waliojenga mabondeni. Siwatetei. Ila sikuwahi kuuona uchafu ukiwa bado safarini, kabla haujaitwa uchafu wa mto, ukipita mlangoni kwangu bila kubisha hodi.

Kesho yake nilipanda na mtaro kuelekea ulikotoka. Kutoka getini kwangu hadi barabara kubwa ni kama hatua mia nne, zote za kupanda, na nilizitembea taratibu nikitazama chini kama mtu aliyedondosha hela. Kwanza iko gereji ya chini ya mwembe. Ardhi ya pale imekunywa oili chafu kwa miaka mingi hadi imekuwa ngumu na nyororo, ukipita na kandambili unateleza. Fundi hamwagi oili mtaroni, kwa hilo namtetea. Anamwaga palepale alipo, na mvua ndiyo inayoimalizia safari. Baada ya gereji wapo vijana wa kuosha magari na sabuni yao ya unga. Kisha banda la kuku wa kisasa, mbolea imerundikwa nyuma kungoja mteja. Banda la chipsi. Fundi wa kuchomelea mageti, chini pamejaa unga wa chuma. Genge lenye maganda na mabua ya mahindi. Pampasi, ambazo hakuna anayejua zilikotoka na kila nyumba yenye mtoto inaapa si zake.

Na kila baada ya hatua chache, kwenye ukingo wa mtaro, vilima vya tope kavu. Hivyo navijua vizuri kwa sababu kimoja nilikirundika mimi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi; tunatoka na makoleo, tunazibua mtaro, tope tunaliweka pembeni likauke ili guta lije kulizoa. Guta haliji. Mwenye guta anasema hakulipwa, mtaa unasema michango haijatimia, na mvua inayofuata inalirudisha tope lote mahali pake bila kudai hata shilingi. Nimeshiriki mchezo huu kwa miaka, na picha nimepigwa nikiwa nimeshika koleo.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na sharti moja kuhusu mvua: ikianza kunyesha usikinge. Acha paa lijioshe. Ndoo zilikaa kichwa chini barazani mpaka yeye mwenyewe atoke, anyooshe kiganja chini ya michirizi ya bati, ayaonje maji kwa ncha ya ulimi, ndipo aseme "haya, kingeni." Nilikua nikidhani ni mambo ya wazee. Kumbe ndilo jambo lenyewe wanaloshughulika nalo wahandisi wa maji ya mvua popote duniani: maji ya mwanzo hubeba sehemu kubwa ya uchafu, yanayofuata hubeba kidogo. Kuanzia Januari hadi mvua za Machi zianze, jiji hili linaweka akiba. Vumbi la breki, unga wa matairi, masizi yaliyotua juu ya mabati, kinyesi cha kunguru na mbuzi, oili, mate, majivu ya takataka tunazochoma jioni. Vyote vinakaa vikingoja. Mvua ya kwanza ni ufagio, na kizoleo chake ni mto.

Tukiwa kwenye matairi, kuna jambo lilinishangaza. Kule jimbo la Washington, Marekani, kwa miaka mingi samaki aina ya salmoni wanaorudi vijitoni kutaga walikuwa wakifa kila mvua ikinyesha, kabla hawajataga, na hakuna aliyejua kwa nini. Desemba 2020 watafiti walimtaja muuaji: kemikali inayotiwa kwenye matairi ili mpira usipasuke mapema. Ikikutana na hewa hugeuka sumu, na mvua huisomba kutoka barabarani. Hakuna kiwanda kilichofungulia bomba mtoni. Ni magari tu, yanaenda kazini na kurudi. Sisi hatuna salmoni, tuna kambale, na kambale ni sugu. Lakini matairi tunayo, mengi yakiwa ya mtumba yaliyokwisha kulika nusu huko yalikotoka, na nusu iliyobaki tunailia sisi barabara ya Mandela.

Sasa niseme langu, maana ni rahisi kuhesabu uchafu wa gereji.

Mwaka 2019 nilipata hela kidogo nikaweka pevingi uwanja mzima. Kabla ya hapo palikuwa mchanga, mpapai mmoja na ukoka uliokuwa ukimudu kuishi chini ya kamba ya nguo. Mvua ikinyesha tulikanyaga tope, wageni walivua viatu getini, na mimi niliona aibu. Mafundi walimwaga kifusi, wakashindilia, wakapanga vitofali kwa nakshi ya mawimbi, kijivu na chekundu. Fundi mkuu akaniuliza, "Mzee, maji tuyaelekeze wapi?" Nikamwonyesha kwa kidevu: kule chini. Kule chini ni mtaroni, na baada ya mtaro ni kwa bibi mmoja jirani yetu, aliyejenga hapa kabla yetu sote.

Siku hiyo sikupiga hesabu. Nilikuja kuipiga baadaye, nikiwa na zile chupa mbele yangu. Paa langu lina kama mita 120 za mraba, na uwanja wa pevingi kama 150. Mvua ya milimita 40, ambayo kwa masika ya Dar si ajabu, inashusha lita 10,800 juu ya eneo hilo. Ni ndoo 540 za lita ishirini. Zamani mchanga ulikunywa sehemu yake, mpapai ukanywa, kidimbwi kikabaki pale kwenye ukoka hadi asubuhi kikizama polepole. Sasa karibu zote zinatoka getini ndani ya saa ile ile, zikikimbia, na maji yanayokimbia hayaendi mikono mitupu. Ndoo 540 zangu ndizo zinazong'oa tope la gereji, kubeba mbolea ya kuku, kuokota pampasi. Mimi sikutupa taka mtaroni hata siku moja. Nilitoa usafiri.

Bibi hakuwahi kunigombeza. Masika ya mwaka 2020 nilipita kwake kumwamkia, nikakuta ukuta wake wa upande wa juu una mstari wa tope unaofika magotini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Pita upande huu, huko kunateleza."

"Pole bibi, maji yameingia?"

"Yanaingia siku hizi." Akanyamaza kidogo, akipepeta mchele wake. "Zamani yalikuwa yanapita tu."

Hakusema zaidi. Siku hizi. Zamani. Nilimaliza chai kwa shida.

Nikiwa njiani kurudi ndipo sentensi hii ilinijia, na mpaka leo haijanitoka: maji yatoke kwangu. Ndiyo sheria pekee ya mipango miji ambayo Dar es Salaam nzima inaitii. Mwenye nyumba anainua uwanja kwa kifusi ili maji yatoke kwake. Jirani naye anainua. Barabara inawekwa lami na kunyanyuliwa, nyumba zinabaki shimoni, wenye nyumba wanajenga vijiukuta mlangoni. Mtaa unaomba mtaro wa zege, na mtaro wa zege ukija tunaupigia vigelegele, kwa kuwa maji sasa yanatoka mtaani kwetu kwa dakika tano badala ya saa mbili. Hakuna anayeuliza yanakokwenda. Kila mmoja ana mtu wa chini yake.

Mto wenyewe ni mfupi. Unaanzia kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, unashuka Kinyerezi na Segerea, unapita kati ya Tabata na Vingunguti, Kigogo, Jangwani, kisha unaingia Bahari ya Hindi kwenye mikoko ya Daraja la Selander. Hauzidi sana kilomita 35. Njiani unapokea mito midogo ya Ubungo, Sinza, Luhanga na mingineyo, na kila mmoja umezungukwa na mabati na pevingi kama zangu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Sehemu kubwa yetu tunasema sentensi ileile moja.

Wa chini kabisa ni Jangwani. Kwa mtu wa Dar jina hilo lina mambo mengi: mikutano ya TANU, Yanga na jengo lao, na siku hizi mwendokasi unaosimama mvua ikizidi. Pale bonde linakuwa bapa, maji yanapunguza kasi, na maji yakipunguza kasi hutua mzigo. Mchanga wa vilima vilivyochongwa kwa ajili ya viwanja Kinyerezi na Segerea unatua pale. Chupa zinatua pale. Mitambo inachota mchanga chini ya daraja, mvua inarudisha mchanga. Ni kile kilima changu cha tope la usafi wa Jumamosi, ila kikubwa, na guta lake ni la mamilioni.

Desemba 2011 ilinyesha mvua ambayo wengi wetu hatukuwa tumeona mfano wake. Watu wapatao 40 walikufa, na familia za mabondeni zikapelekwa Mabwepande kuanza upya. Desemba 2015 ikaja bomoabomoa na zile X nyekundu ukutani. Mwaka 2018 mafuriko tena. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi. Watu wamelipwa fidia, nyumba zimevunjwa, na pale Jangwani daraja refu linachukua nafasi ya lile la zamani. Naunga mkono. Lakini kila nikisoma habari za mradi huu naona macho yote yako bondeni. Ugonjwa unaanzia mabegani mwa jiji, huku kwetu juu, kwenye viwanja ambavyo havijawahi kuwekewa X na havitawekewa.

Hata sheria imekaa hivyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni sheria nzuri, nisieleweke vibaya. Lakini mimi niko mbali na mto, na chupa yangu ya kwanza inafika mtoni kabla sijamaliza kuvua koti la mvua. Mtaro ni mto. Umechimbwa na manispaa na una pembe nne, ila ni mto, na ukingo wake uko getini kwangu.

Sisi wa Tabata tuna historia ya kuchekesha kidogo katika mambo haya. Mwaka 1988 wakazi wa hapa walilishtaki jiji kwa sababu ya dampo lililokuwa likifuka moshi usiku na mchana. Mahakama Kuu iliwapa haki, na jiji liliporudi kuomba liongezewe muda, jaji aliona kwamba kuwaacha watu wakivuta hewa ile ni kugusa haki yao ya kuishi. Ni hukumu ambayo wanasheria wa mazingira wanaitaja hadi leo, na tunajivunia. Dampo likahamishwa. Baadaye likaishia Vingunguti, ng'ambo ya bonde hilohilo, kando ya mto huohuo.

Kuna jambo nililizunguka tangu mwanzo: ile harufu ya choo kwenye chupa ya kwanza.

Anayekaa Dar anajua maana ya kutapisha. Mvua kubwa ikianza usiku, mtu anatoka na tochi, anafungua kizibo au anatoboa tofali moja la chini kwenye ukuta wa shimo, na choo kinajitapisha chenyewe mtaroni. Kelele za mvua zinaficha kila kitu isipokuwa harufu. Nikiwa mtoto, tukiwa tumepanga Kigogo, niliwahi kushika tochi hiyo. Sikujua ninachomulika mpaka nilipokiona. Asubuhi watoto wenzangu walikuwa mtaroni wakishindanisha mashua za makaratasi, na mimi nilikataa kucheza bila kutoa sababu.

Tunawatukana watapishaji, na nadhani tunapaswa. Kipindupindu kilichoanza jijini Agosti 2015 kilisambaa karibu nchi nzima, na hakikusambaa kwa upepo. Lakini nenda uchochoroni ukaone. Gari la kunyonya haliingii. Nyumba na nyumba zimeachana upana wa mabega. Bomba la maji taka halijafika sehemu kubwa ya jiji. Mwenye nyumba ana wapangaji saba, shimo moja na kodi isiyotosha. Mvua ndiyo gari lake la bure. Ukimtoza faini atalipa, na mvua ijayo atatapisha saa nane badala ya saa tano. Nimeona mashine ndogo za kunyonya kwa mkono na mapipa juu ya pikipiki za magurudumu matatu, zinapita kwenye vichochoro vile. Hizo ndizo ningezipigia kampeni. Kila wadi iwe nazo, kwa bei inayoshindana na mvua, na mvua ni bure, kwa hiyo kazi ipo.

Kinachonikera ni kwamba mtapishaji ana jina na mimi sina. Hakuna neno la kumwita mtu mwenye pevingi mita 150 aliyeelekeza maji kwa kidevu. Ujerumani, kwenye miji mingi, mwenye nyumba analipia maji ya mvua kwa kila mita ya mraba aliyoiziba. Ukirudisha udongo, bili inashuka. Nilipomweleza rafiki yangu mmoja alicheka hadi akakohoa. "Walipishe watu mvua ya Mungu? Hapa?" Nami nilicheka. Lakini sisi tunalipia pia, ila bili anapelekewa mtu wa chini.

Kiangazi cha mwaka jana niliwaita mafundi walewale. Nilimwambia fundi mkuu nataka azing'oe pevingi theluthi moja, upande wote wa ukuta wa chini na mstari katikati ya njia ya gari.

"Kuna kasoro, mzee?" Alikuwa amekunja uso, tayari kujitetea.

"Hakuna kasoro. Ni nzuri sana. Ng'oa."

Aliwatazama wenzake, wakatazamana. Kwa siku tatu walifanya kazi wakininong'ona.

Chini ya mstari wa ukuta tulichimba mtaro mpana kama kitanda cha mtoto, kina cha kiuno, tukaujaza mawe makubwa chini, kokoto katikati, mchanga juu, mbali na msingi wa nyumba na mbali kabisa na shimo la choo. Juu nikapanda mchaichai, mashina arobaini niliyopewa bure na bibi wa chini, ambaye hakuuliza ni ya nini. Kwenye kona nikaweka migomba miwili. Upande mmoja wa paa nikafunga gata na simtanki la lita 2,000, na kabla ya tanki nikasimamisha bomba la inchi nne lenye kizibo chini. Maji ya mwanzo yanajaza bomba kwanza na kubaki humo na masizi yao, yanayofuata yanapita juu kuingia tankini. Ni kiganja cha bibi yangu mzaa mama, kimetengenezwa kwa plastiki. Mvua ikikatika unafungua kizibo, unamwagia mgomba.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Nilijiona mhandisi, nikachomelea chujio la nondo na kulitega mtaroni mbele ya geti ili linase taka za juu. Lilinasa. Mvua ya kwanza ya vuli, kwa dakika ishirini, lilinasa chupa, majani, godoro la mtoto na kitu ambacho sikukichunguza, likawa bwawa, na maji yakaingia uani kwangu kwa mara ya kwanza tangu nihamie. Nililing'oa usiku huohuo nikiwa na bukta, taa ya simu mdomoni. Chujio lisilo na mtu wa kulisafisha ni ukuta tu. Sasa liko tena, lakini limelala kwa mshazari na vijana wa kuosha magari wanalisafisha. Wanauza chupa wanazozikuta, mimi naongezea kidogo kwa mwezi. Tope tunalitia kwenye viroba palepale, halilali pembeni. Viroba vinachukuliwa na mtu wa gari la taka, kwa makubaliano ambayo yalihitaji soda nyingi.

Ule utando wa mafuta umenishinda. Fundi wa gereji nimempelekea dumu tupu, nikamwambia oili chafu ina wanunuzi, na anajua, ndio wanaopaka mbao kuzuia mchwa. Dumu analitumia akikumbuka. Analikumbuka zaidi nikiwa nimepita.

Kwa hiyo sidanganyi mtu: Msimbazi haujui kwamba nipo. Masika ya mwaka huu yalipoanza nilijaza chupa mtaroni dakika ya kumi, na ilikuwa nyeusi kama ya mwaka jana. Lakini nilitega chupa nyingine chini ya geti langu, pale maji yangu mwenyewe yanapotokea kabla hayajachanganyika na ya wengine. Nilingoja. Nusu saa ikapita, mvua imeshika, mchaichai umeinama, na chini ya geti hakuna kilichotoka. Kilipotoka, karibu saa nzima baadaye, kilikuwa kijitiririko cha upana wa kidole, rangi ya chai nyepesi ya rangi. Jioni nilishuka kwa bibi. Ukuta wake ulikuwa na tope la kifundo cha mguu, si la goti. Haikuwa mvua kubwa, huenda ni hilo tu. Hakusema kitu, na mimi sikuuliza. Alinipa mashina mengine ya mchaichai.

Juzi asubuhi nimeamshwa na lori likimwaga kifusi. Jirani wa juu yangu, kijana aliyehamia mwaka jana, mtu mstaarabu, anaweka pevingi uwanja mzima. Vitofali vimepangwa ukutani, vyekundu na vyeusi, vizuri kuliko vyangu. Nilikuwa nimesimama kwenye migomba na kikombe changu nilipomsikia fundi akimuuliza maji ayaelekeze wapi. Jibu sikulisikia, kwa sababu hakutamka. Nilimwona kupitia matundu ya ukuta akinyanyua kidevu kuelekea kwangu.

Nikaweka kikombe chini, nikaingia jikoni, nikachukua ile chupa nyeusi dirishani, nikavaa kandambili, nikapanda kumwamkia.